Mche wa Sabuni

Lori la Mtinko lilikuwa halijatoka vizuri Singida mjini, na tayari mama kijana aliyekalia gunia la chumvi alikuwa akiwaonyesha abiria mche wa sabuni. Katika ukaguzi wa usafi, nyumba yake ndiyo iliyoonekana safi kuliko zote kijijini, na zawadi hiyo alikabidhiwa leo bomani.

Dorkas, aliyebanwa kando yake, alijifanya anasinzia ili asipitwe na neno.

“Una watoto?” akauliza mama mmoja mtu mzima.

“Watatu, mama, wote wadogo. Ila siku ya ukaguzi niliwapeleka kwa dada yangu, tumepakana ua. Nikasiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, ikakauka bila alama ya unyayo.”

“Na kwa dada yako walikagua?”

“Walikagua. Wakasema pachafu.”

“Basi sabuni ni yake.”

“Yake kwa lipi, mama? Mshindi ni mimi.”

“Hukusafisha, mwanangu. Ulihamisha.”

Walibishana mpaka lori likasimama. Chini alisubiri mwanamke aliyeng'ang'aniwa na watoto watatu, kanga yake imejaa alama za viganja vya majivu. Dorkas hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mshindi aliusukumia mche ndani ya kanga yake mwenyewe haraka, lakini ulikuwa mrefu, ukabaki unachungulia.