Fundi Aliyetafuta Kinasa Sauti cha Mnong'ono

Ijumaa tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi sauti mkuu wa kituo chetu cha redio atavua hedifoni na kuziweka mezani kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa. Humu ndani kuna watangazaji ambao alipoajiriwa wao walikuwa hawajazaliwa, na leo wanabishana naye kuhusu mpira kana kwamba walicheza wote utotoni.

Jina lake rasmi wachache wanalikumbuka. Sisi tunamwita Mzee Tulieni. Alilipata jina hilo wiki yake ya kwanza kazini. Watu walikuwa wakipita koridoni wakicheka, naye yuko katikati ya kurekodi. Alitoa kichwa mlangoni na kusema, bila kuangalia anasema na nani, "Jamani, tulieni!" Aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mkurugenzi wa wakati ule, akiwatembeza wageni. Mkurugenzi akatulia. Wageni wakatulia. Fundi mpya alirudi ndani akijua kibarua kimeota nyasi. Hakufukuzwa, ila tangu siku hiyo alikuwa amebatizwa.

Aliingia kama mtu wa kuunganisha nyaya. Amepitia kanda kubwa za kuzungusha, kanda ndogo za kaseti, mpaka hizi kadi za siku hizi zinazopotea mfukoni pamoja na chenji. Amenasa hotuba, mechi, mafuriko, na vicheko vya watoto siku ya kufunga shule. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye sauti ndogo. Sauti kubwa, alikuwa akituambia, hujileta yenyewe. Ndogo lazima uifuate nyumbani kwake. Aliwahi kutuletea mlio wa mchwa wakila nguzo, na wa uji unapoanza kushika. Mkewe, fundi cherehani, anasimulia kwamba siku moja alimsimamisha katikati ya kushona ili anase mlio wa mkasi ukipita kwenye kitambaa laini. Mteja akafika akakuta gauni lina mkono mmoja. Wapo waliosema Mzee Tulieni hana dogo. Walisema kweli, kwake hakuna sauti iliyo ndogo.

Katika yote aliyoyafanya, lipo moja ambalo tungependa hata wafanyakazi wapya walijue.

Miaka michache iliyopita, seremala mmoja mstaafu alifika mapokezi akamwulizia "yule anayenasa sauti." Mkewe alikuwa mwalimu wa kwaya shuleni maisha yake yote, nusu ya watu wazima wa mji huu walijifunza kuhesabu kwa nyimbo zake. Maradhi ya koo yalikuwa yamemwachia mnong'ono tu. Sasa madaktari walikuwa wamekata shauri kumfanyia upasuaji ambao ungemwokoa, lakini ungeichukua sauti iliyobaki, moja kwa moja.

"Binti yetu ana mimba," seremala alisema. "Mjukuu wa kwanza huyo. Sitaki aje amjue bibi yake kwa picha peke yake."

Mzee Tulieni alichukua kinasa sauti cha kituo, akaondoka naye jioni ileile. Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda akaimba kwa mnong'ono, na fundi wetu alirudi ana furaha. Furaha iliishia studio. Sauti ilikuwa chini mno, na kila alipoipandisha, ilipanda pamoja na "shii" nzito kama mafuta yakikaangwa. Mkuu wetu wa Ufundi, dada aliyekuwa amejiunga nasi muda si mrefu, alijaribu kuisafisha kwa kompyuta. Ile shii iliondoka, lakini iliondoka na nusu ya maneno, na kilichobaki kilisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. "Tumemwosha mpaka ametoka rangi," alisema kwa masikitiko.

Seremala aliitwa kusikiliza. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazivua kwa adabu.

"Naisikia mvua, ndugu yangu," akasema. "Mke wangu yuko wapi?"

Tuliokuwepo tunakumbuka jinsi Mzee Tulieni alivyoinama. Aliahidi atarudia kabla Mwalimu hajaingia hospitali. Siku zenyewe zilikuwa za kuhesabika.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo yeye alitueleza wote, tupende tusipende, kwenye foleni ya chai. Kila kinasa sauti kina pumzi yake. Ndani ya mashine mna kelele ndogo inayotokana na umeme wenyewe. Ukimnasa mtu anayepaza sauti, pumzi hiyo huisikii, imefunikwa. Ukimnasa anayenong'ona, inabidi upandishe sauti, na pumzi ya mashine inapanda nayo hadi inamzidi mwenyewe. Kwa hiyo anayetafuta kinasa sauti cha sauti ndogo asiulize kwanza kina vitufe vingapi. Aulize kikiachwa peke yake kinapumuaje.

Kwa bahati, kituo kilikuwa kinataka kununua kinasa sauti kipya wakati uleule. Kwa bahati mbaya, Mkuu wa Ufundi alikuwa ameshachagua, na alikuwa na sababu nzuri: dude kubwa lenye kioo kipana na matundu ya maikrofoni nyingi, la kubeba viwanjani na kwenye mikutano. Mzee Tulieni alibisha hodi ofisini kwake.

"Mwanangu, hiki ni kizuri, sikikatai. Lakini mnong'ono kitaumeza."

"Baba, huenda ni kweli," alijibu. "Ila nithibitishie kwa masikio, si kwa mapenzi."

Basi wakafuatana mpaka dukani. Muuzaji aliwapangia vinasa sauti vitatu mezani: lile dude lenyewe, kingine chembamba cha kung'aa, chenye maikrofoni zake kichwani, na cha tatu kidogo, cheusi, kisicho na sura, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Tatizo lilikuwa spika ya matangazo mlangoni, na pikipiki barabarani. Kuchagua kinasa sauti cha mnong'ono mahali pale ilikuwa sawa na kuchagua manukato jikoni vitunguu vikikaangwa. Mzee Tulieni akatazama huku na huku, akakusanya mashine zote tatu, akaingia duka la jirani. Lilikuwa duka la magodoro. Mkuu wa Ufundi akamfuata, na muuza vinasa sauti akawafuata wote wawili mbio, maana mali ilikuwa inatembea.

Muuza magodoro alimwona mtu mzima akijipenyeza katikati ya marundo mawili.

"Mzee, umechoka au unanunua?"

"Nasikiliza."

"Magodoro yangu hayana kelele."

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu."

Mle ndani mlikuwa mmetulia kama pangoni. Mkuu wa Ufundi alinong'ona majina ya siku za wiki, kisha akasugua vidole, na Mzee Tulieni akapandisha sauti ya kila mashine kadiri ilivyoweza kwenda. Lile dude lilianza kupumua siku haijafika hata Jumanne. Kile chembamba kilipumua kidogo tu, lakini kilisikia kila kidole kilichokigusa. Ukikishika unanasa mkono wako. Kile cha sabuni kilikuwa kimya kuliko vyote. Hata hivyo, nyuma ya mnong'ono, ile shii bado ilikuwepo kwa mbali. Mzee Tulieni alivua hedifoni akakaa juu ya godoro, hoi.

"Kama ni hiki ndicho bora," alisema, "basi nimemdanganya yule seremala."

Mkuu wa Ufundi alikuwa akiigeuzageuza ile maikrofoni waliyotoka nayo kituoni. "Baba, hii imetengenezewa waimbaji wanaopiga kelele," akasema. "Inasikia kidogo mno, ndiyo maana inakilazimisha kinasa sauti kujikaza. Huenda tunakilaumu bure." Alimwomba muuza vinasa sauti maikrofoni nyingine, inayosikia hata sauti ndogo, akaichomeka kwenye kile cha sabuni.

Mzee Tulieni alivaa hedifoni tena, akasikiliza, asiisikie tena ile shii, akaangalia kama waya umechomeka. Ulikuwa umechomeka. Dada alinong'ona "Jumatatu," na mzee akashtuka kama mtu aliyeguswa begani gizani. Alianza kucheka. Wote wakacheka, hata muuza magodoro, ambaye hakujua anachekea nini.

"Kinasa sauti umechagua wewe, maikrofoni nimechagua mimi," alisema Mkuu wa Ufundi, akifuta machozi ya kicheko. "Godoro atachagua Mungu." Lile dude kubwa lilinunuliwa baadaye kwa ajili ya viwanja na linafanya kazi nzuri mpaka leo. Siku ile waliondoka na kipande cha sabuni, maikrofoni na mto mmoja, ambao dada yetu aliununua kwa haya.

Walirudi nyumbani kwa Mwalimu asubuhi, siku moja kabla ya safari ya hospitali. Friji ilizimwa. Saa ya ukutani ilipelekwa jikoni. Dirishani walitundika blanketi. Kinasa sauti kilikalishwa juu ya taulo lililokunjwa ili kisisikie meza, na maikrofoni iliwekwa karibu na mdomo, pembeni kidogo, ili pumzi isiipige. Ilibaki kelele moja: jirani anayechomelea vyuma. Seremala alitoka kumwona.

"Fundi, nisaidie kidogo. Mke wangu anaimba."

Jirani alizima mtambo, akakaa kizingitini mwa karakana yake, na kila mteja alipofika, alijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha.

"Niimbe au nizungumze?" Mwalimu aliuliza.

"Chochote, Mwalimu. Leo mimi ndiye ninayekufuata."

Aliimba wimbo wa kuhesabu. Aliimba wimbo wa kubembeleza, akasahau ubeti, akacheka, akaanza upya. Katikati ya rekodi anasikika mtu akivuta kamasi, kisha Mwalimu akimkemea mumewe: "Wewe, unaniharibia." Halafu yanafuata maneno ambayo wengi wenu mmeyasikia: "Mjukuu wangu, mimi ni bibi yako. Usiiogope sauti hii. Imechakaa kwa kutumika."

Seremala alisikiliza palepale kitandani. Safari hii hakuuliza mkewe yuko wapi. Alimshika mkono.

Upasuaji ulifaulu. Sauti ilikwenda, Mwalimu akabaki. Mjukuu alizaliwa, msichana, na kwa mujibu wa mama yake halali mpaka bibi "aimbe." Familia ilipotupa ruhusa, tulirusha sehemu ya wimbo ule hewani. Mzee Tulieni alikataa katakata usitiwe muziki chini yake. Siku hiyo simu za kituo hazikupumzika. Watu wazima na heshima zao walikuwa wakituhesabia kwenye simu, moja hadi kumi, kwa wimbo waliofundishwa darasa la kwanza. Shule yake ya zamani ilimwita tena. Leo anafundisha kwaya kwa mikono na macho, na ule mnong'ono ulionaswa ndio unaowapa watoto noti ya kuanzia.

Kutokana na safari ile, kituo kilianzisha kipindi cha sauti ndogo, na mafundi wetu wote hujifunza kusikiliza pumzi ya mashine kabla ya kuisifu. Tuzo zilizotundikwa mapokezi zinatokana na kazi hiyo. Yeye mwenyewe huzipita bila kuzitazama, ila tumemwona akizifuta vumbi.

Jambo la mwisho alituruhusu tuliandike. Mwanzoni mwa mwaka huu aliingia mwenyewe ofisini kwa Mkuu wa Ufundi, akafunga mlango, akamwambia kwamba sauti nyembamba za juu zimeanza kumuaga. Hakuna aliyekuwa amegundua. Angeweza kunyamaza hadi Juni, na sisi tungemsifu vilevile. Badala yake aliomba awaachie wengine vifaa, yeye akae nyuma yao na kuwasahihisha mikono tu.

"Baba, umeumia?" dada alimuuliza.

"Nimeumia," akasema. "Lakini zimeniaga vizuri. Nilizisikiliza zilipokuwepo."

Ameshapimwa, na atapata kifaa cha kumsaidia kusikia. Mkewe amefurahi kuliko wote. Anasema ametuazima mumewe vya kutosha, na nyumba yao ina chumba ambacho kimesubiri plasta tangu ahadi ya kwanza. Binti zao wanakuja kusaidia, na saruji imeshashushwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa studio, wa mitambo, wa mapokezi na walinzi wa getini: mzee wetu, ahsante kwa subira, kwa ukali uliokuwa na sababu, na kwa kutufundisha kazi bila kututia aibu. Nenda kapumzike na wako. Afya ikufuate, usingizi uwe mtamu, na asubuhi zako zote ziwe za kuamka bila kuwahi popote.