Benchi Lililotulia

– Hebu niambie wewe, mashine inaweza kumchukia mtu?

Swali hilo Injinia alimtupia muuza kahawa kabla hata hajaketi benchini. Jina la Injinia alipewa na kijiwe pale alipoacha kutengeneza redio akaagiza vipande vya meza ya kukatia chuma kwa kompyuta: unachora ua kwenye skrini, tochi ya plazma inatembea yenyewe juu ya bati na kulikata. Aliiunganisha kwa mikono yake ndani ya stoo ya mkewe, magunia ya mkaa yakahamia chumbani. Mwanzoni ilikata kama wembe. Tangu jana, kona tatu zinakatika vizuri, ya nne tochi inaburuza bati na kutoa kitu kama kabichi iliyokanyagwa. Na mkewe ameshasema: ua la kupamba geti lisipotoka leo, meza inapanda mkokoteni wa vyuma chakavu. Injinia alimjua mkewe. Yule hatishi, anaarifu.

– Umeme huo, alisema Kiraka, mziba pancha. Umeme wa mtaa huu unafika umeshachoka.

– Unachoka kona moja tu?

– Si ndiyo kona ya mbali, ndugu yangu? Hata wewe ungechoka.

Profesa alikohoa. Alikuwa kinyozi, uprofesa ulitokana na kitabu kimoja alichokisoma hadi katikati.

– Tatizo ni programu. Kompyuta yako imezoea maua ya kwao.

– Juzi mbona ilikata hilihili?

– Juzi ilikuwa mgeni, ina adabu.

Injinia aliujua upuuzi anapousikia. Ila yeye mwenyewe hakuwa na upuuzi ulio bora zaidi, kwa hiyo akanywa kahawa.

– Nimebadilisha ncha ya tochi. Nimekaza mikanda. Miguu niliipima kwa pimamaji siku ile ya kwanza.

– Basi miguu tuiache, alidakia Profesa. Miguu ya meza haiendi kokote. Mimi nasema ni setilaiti. Ipo moja inapita juu ya stoo yako, inavuta.

– Inavuta bati?

– Inavuta mawazo ya bati.

Hapo hata Kiraka, ambaye huamini mambo mengi bila kuulizwa, aliweka kikombe chini.

Mkokoteni wa vyuma chakavu ulisikika kwanza, ukigongagonga mawe. Mbele yake alitembea mke wa Injinia, bila haraka yoyote.

– Karibu, shemeji, alisema Kiraka akisogea. Pumzika kwanza.

Aliketi. Akajitikisa kidogo, akajitikisa tena, akawatazama mmoja mmoja.

– Hili benchi si lilikuwa linayumba? Kila siku mume wangu anarudi na kahawa kwenye suruali. Nani kalituliza?

Kiraka naye alijitikisa; benchi halikuyumba.

Injinia aliinama. Chini ya mguu wa benchi kulikuwa na kibamba cha chuma, kile alichokisugua kwa tupa siku ya kuunganisha meza yake mpaka kipovu cha pimamaji kikakaa katikati. Aliinuka polepole, akageukia upande wa Profesa.

Profesa alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu.

– Juzi jioni nilikuja kuazima bisibisi, sikukukuta, alisema. Nikakiona chini ya mguu wa meza yako, nikakichukua. Nilijua meza ya kompyuta inajisawazisha yenyewe.