Bi Mwanakombo Mbwana na Seva Iliyokuwa Ikibadilisha Namba

Na Kokuberwa Edgar, wa kujitolea, chumba cha kadi

Kabla sijaandika tarehe hata moja, nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Jumanne ya wiki hii nilitumwa kwenye kabati la mafaili kuchukua tarehe za utumishi wa Bi Mwanakombo. Niliruhusiwa kufungua ukurasa wa kwanza tu. Nilifungua zote. Faili lile lina muhuri wa siri, na mimi nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, hata kitambulisho cha kazi sina. Nilijua ninakosea. Nikaendelea mpaka ukurasa wa sitini na moja, na nilichokikuta huko ndicho kilichonifanya niuandike wasifu huu kwa namna hii.

Sasa tarehe. Bi Mwanakombo Mbwana anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Karakana ya Viungo Bandia ya Hatua Njema, hapa Mikocheni, kwa miaka thelathini na mitatu kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1992 kuwa mfagizi wa chumba cha plasta.

Ufagio hakukaa nao sana. Wakongwe wa hapa wanasimulia kwamba alikuwa akifagia huku macho yake yakiufuata utepe wa fundi, na siku fundi alipoandika kipimo cha paja la kulia mahali pa la kushoto, mfagizi ndiye aliyesema. Fundi alikasirika, akapima upya, akakisahihisha. Mwaka uliofuata Bi Mwanakombo akapewa utepe wake mwenyewe, na mwaka 1998 akakabidhiwa kadi zote za vipimo. Tangu hapo hakuna mguu wala mkono uliotoka kwenye karakana hii bila kupita kwenye mwandiko wake.

Macho hayo hayana likizo. Kwenye harusi ya mpwa wake huko Kiwalani alimtazama bwana harusi akiingia, akamnong'oneza dada yake kwamba kijana ana mguu mmoja mfupi. Dada akamjibu, "Mwanakombo, leo tumekuja kula pilau. Usitupimie mkwe." Jumatatu yake mkwe akaja karakana mwenyewe, akapimwa. Nusu sentimita.

Mimi nilifika hapa Januari mwaka huu. Wiki ya kwanza shikamoo yangu ilikuwa haisikiki. Bi Mwanakombo aliitikia "Marahaba" kabla sijaimaliza, akanipa kaunta buku na kalamu. "Wewe huongei, basi andika," akasema. "Sie tunaoongea tunasahau." Katika daftari hilo huandikwa kila kitu: nani amekuja, nini kimeharibika, umeme umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi. Ana madaftari ya namna hiyo kabati zima. Tafadhali likumbukeni daftari hili, kwa sababu bila hilo leo ningekuwa na hasira tu, bila ushahidi.

Februari kampuni moja ikatufungia seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza vipimo vya wateja wote ili kila chumba kivisome kupitia kompyuta yake. Kadi zikaingizwa humo, kisha zikafungiwa kwenye maboksi, na tukaambiwa ni marufuku kuzitumia tena. Naliandika hili wazi kwa kuwa kuna wanaosema vingine: Bi Mwanakombo hakuipinga seva. Kadi zilikuwa elfu sita na kitu. Zaidi ya nusu aliziingiza yeye, kwa vidole viwili.

Jumatatu ya tarehe 3 Machi mfumo ukazinduliwa. Brightson, fundi wa ile kampuni, alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha seva. Kila mtu aliandika jina lake na neno lake la siri palepale, ikafunguka, tukapiga makofi. Tukarudi vyumbani kwetu. Haikufunguka kompyuta hata moja. Zote ziliandika kwamba mtumiaji haruhusiwi kuingia.

"Mama, umesahau neno lako la siri," Brightson alimwambia Bi Mwanakombo.

"Nimelichagua sasa hivi, baba. Hata saa haijapita."

"Ndiyo mambo ya watu wazima hayo. Tubadilishe tu."

Wakabadilisha mara tatu. Yakabadilishwa na ya wengine. Bado. Meneja wetu, Bwana Wilbert, akasimama mbele ya wateja akasema wafanyakazi wake hawajui hata kuandika majina yao. Mimi nilitamani kusema kitu nikashindwa, kwa hiyo nakisema leo: inawezekanaje watu kumi na wawili wasahau maneno yao ya siri asubuhi moja? Mbona hakuna aliyejiuliza?

Aliyejiuliza ni huyohuyo mtu mzima. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na alikuwa amefunga, lakini alitembea kutoka chumba cha seva hadi mezani kwake mara nne. Kwenye seva aliandika neno lake, ikafunguka. Mezani akaandika lilelile, ikakataa. Mimi niliandika kila safari kwenye daftari. Kisha akamfuata Brightson.

"Neno ni lilelile, vidole ni vilevile," alisema. "Kilichobadilika ni chumba. Hebu tazama, mwanangu, isijekuwa umeturuhusu tuingilie mlango wa kwako tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Majina yetu yote yalikuwa yamepewa ruhusa ya kuingia kutoka kwenye seva yenyewe, si kutoka kompyuta nyingine yoyote. Brightson alirekebisha kabla ya saa tisa. Samahani hakuisema. Alisema, "Mfumo mpya lazima uwe na vitu vidogovidogo."

Yangeishia hapo ningekuwa nimeshayasahau. Lakini kuanzia siku iliyofuata, kila asubuhi tukiwasha kompyuta zinaandika seva haipatikani. Brightson anapigiwa simu, anafika saa tano, anazunguka vyumbani kuandika namba mpya ya seva kwenye kila kompyuta, mfumo unarudi. Kesho yake hivyohivyo. Wakati huo benchi limejaa watu waliotoka mbali kwa magongo.

Mmoja wao ni Bakari, fundi cherehani wa Bunju aliyekatwa mguu mwaka jana. Alirudishwa mara tatu kwa sababu vipimo vyake vilikuwa ndani ya seva. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti, benchi zima likasikia: "Nyie, mguu wenyewe ulikatwa kwa dakika arobaini. Huu wa kuweka mbona unachukua mwaka?" Bi Mwanakombo alifungua boksi lililokatazwa, akatoa kadi tupu, akampima upya hapohapo kwenye benchi. Leo Bakari anakanyaga cherehani yake kwa miguu miwili. Kwa kadi ile Bi Mwanakombo aliitwa ofisini kujieleza!

Halafu akatafutwa wa kubebeshwa lawama. Bi Mwanakombo ndiye mwenye ufunguo wa mwisho, na kila jioni kabla ya kufunga mlango huzima swichi kuu ya umeme. Amefanya hivyo tangu mwaka 2001, stoo yetu ya gundi iliposhika moto. Tangazo linaloagiza swichi izimwe bado liko ukutani, na lina saini ya uongozi. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba seva inatakiwa kulala ikiwaka. Hakuna aliyelibandua tangazo. Lakini tarehe 26 Machi akaandikiwa barua ya onyo, inayosema amezima umeme "kwa makusudi ya kuhujumu mfumo, kwa kuwa anaogopa mabadiliko".

Aliisoma mbele yangu. Akaikunja ikawa ndogo kama tiketi. "Makusudi?" akasema. "Mie?" Halafu akaingia kupima mtoto aliyekuwa anasubiri, na siku nzima hakutania mtu.

Jioni ile aliiacha swichi. Asubuhi seva ikapatikana, na kesho yake pia. Meneja alipita vyumbani akitabasamu. "Mnaona? Si niliwaambia ni yeye?" Baadhi yetu tulicheka naye. Mimi sikucheka, ila nilinyamaza, na hilo nalo si jambo la kujivunia.

Ikaja Idi. Bi Mwanakombo akaomba ruhusa ya siku moja zaidi, Jumatano ya tarehe 2 Aprili, akaniachia daftari. Siku hiyo saa nne asubuhi umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi saa tano kasoro. Seva haikupatikana. Mhujumu alikuwa nyumbani kwake Kiwalani, anagawia wageni vitumbua.

Niliandika yote, na namba mpya aliyoiweka Brightson pia, kwa sababu Bi Mwanakombo alikuwa amenifundisha kuzinakili kila mara. Alhamisi aliporudi alilisoma daftari akiwa amesimama. Kisha akamwita Brightson.

"Mwanangu, hii seva yenu kila ikizimika inaamka na namba nyingine? Hapa ilikuwa kumi na nne. Hapa ishirini na tatu. Hapa thelathini na moja. Jana kumi na nane."

Brightson akacheka. "Bibi, hayo mambo ya mtandao bwana..." Akaishia hapo. Akalivuta daftari karibu.

"Mie naona ni kama mpangaji anayehama chumba kila umeme ukikatika," Bi Mwanakombo akaendelea. "Hajamuaga mtu. Sie tunakwenda kugonga mlango wa zamani, halafu tunaambiwa hatujui kugonga."

Seva ilikuwa haijapewa namba yake ya kudumu. Ruta, kile kisanduku kinachogawa namba kwa kompyuta zote, kilikuwa kinaipa namba yoyote iliyo wazi kila umeme uliporudi, na kompyuta zetu ziliendelea kuitafuta kwenye namba ya zamani. Seva ya kazi hupewa namba isiyobadilika siku ileile inayofungwa. Hata mimi nalijua hilo sasa, na mimi si fundi. Brightson aliketi akaipa. Nilitazama saa ya ukutani: dakika mbili. Dakika mbili, baada ya wiki tatu za benchi lililojaa na barua moja ya kumvunjia mtu heshima yake. Tangu siku hiyo umeme umekatika mara nyingi, daftari linazo zote, na seva haijapotea hata mara moja.

Kwenye mkutano wa Aprili Bwana Wilbert alisema mbele yetu sote, "Ile barua tumeifuta, Bi Mwanakombo. Yamekwisha." Tulipiga makofi. Yeye alisema ahsante, na nilimwona anapumua.

Ukurasa wa sitini na moja ni barua hiyo. Ipo. Haina mstari wa kuifuta, haina muhuri, haina hata alama ya penseli. Baada yake kuna fomu ya kustaafu tu. Kwa hiyo mwanamke aliyegundua makosa yote mawili ya wataalamu anaondoka hapa akiwa mhujumu kwenye karatasi, na atakayelifungua faili lake miaka kumi ijayo atasoma hivyo na kuamini. Jumatano nilijikaza nikamuuliza meneja, bila kumwambia nilichokiona, kama barua ya onyo ikifutwa hutolewa kwenye faili. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Binti, mtu anastaafu. Nani atasoma?"

Mimi nimesoma. Nikifukuzwa kwa hilo nitakuwa nimefukuzwa siku chache kabla ya kwenda kidato cha tano, nami nitavumilia.

Basi iandikwe kuwa sehemu ya utumishi wake. Bi Mwanakombo Mbwana hakuhujumu mfumo wowote. Alizima swichi kwa agizo lililosainiwa na uongozi. Yeye ndiye aliyegundua kwa nini tulikataliwa kuingia, na yeye ndiye aliyegundua kwa nini seva ilikuwa inapotea. Barua ya tarehe 26 Machi haikuwa ya kweli, na imefutwa.

Bi Mwanakombo, karakana nzima inakushukuru, na wanaotembea kwa kazi ya mikono yako wanakushukuru zaidi. Nenda ukapumzike na wajukuu. Nenda ukale pilau harusini bila kutazama miguu ya mtu, kama utaweza. Mungu akupe afya na miaka mingi yenye raha, na kila mlango utakaogonga ufunguliwe.

Limebaki neno moja kwenu, wenzangu mnaosoma programu hii ya sherehe ya kumuaga mkiwa mmekaa. Mnajua utaratibu wetu: wasifu huchapwa nakala za kugawa na nakala moja ya faili. Ile ya faili meneja huiandikia "Nimethibitisha" na kuisaini mbele ya watu, huku anapigwa picha, nayo inakuwa ukurasa wa mwisho kuingia kwenye faili, juu ya kurasa nyingine zote. Bi Bernadeta wa mapokezi, aliyehudhuria sherehe tisa, anasema hajawahi kumwona akiisoma. Nakala hiyo iko mezani pake sasa hivi, kalamu iko juu yake. Nawaomba sana: msicheke, msigune, msimtazame. Iwe siri yetu mpaka amalize kusaini.