Mwalimu Cyprien Cirhuza na Umbali wa Jua
(14 Machi 1961 – 12 Novemba 2024)

Wapendwa wa familia, majirani wa Bagira, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi wote mliopanda mlima huu pamoja na matope yake kumsindikiza Papa yetu: asanteni. Anayesoma ni Delphine, mtoto wake wa kwanza. Maman ameniomba nisome polepole na nisiruke kitu.

Cyprien Cirhuza alizaliwa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa tatu wa Papa Aloys na Maman Rosalie, waliotoka Kabare kwenda kulima mpunga, na ambao wote wawili wamemtangulia. Babu Aloys alipima mashamba kwa kamba yenye mafundo, na Cyprien ndiye aliyeshika ncha ya pili. Inasemekana siku moja, jua likiwa kali, aliuliza ni kamba ngapi zingefika kule juu. Babu alimjibu: "Shika muzuri ile ya hapa chini kwanza." Papa aliipenda sana hadithi hiyo. Mgeni yeyote aliyekula kwetu aliisikia, na aliyerudi aliisikia tena.

Masomo ya msingi aliyafanya Luberizi. Mwaka 1974 alipanda Bukavu kwa shangazi yake, hapa hapa Bagira, akasoma sekondari, mkondo wa math-physique, na kupata Diploma ya Serikali mwaka 1980. Kisha aliingia chuo cha walimu mjini, akamaliza fizikia mwaka 1985. Huko chuoni alikutana na Zagabe. Walikula sahani moja, walivaliana mashati, na siku za mtihani mmoja alimwamsha mwenzake. Maman husema kwamba alipomjua Papa, alidhani hao ni ndugu wa tumbo moja.

Alianza kufundisha Septemba 1986 katika shule ya sekondari ya hapa Bagira. Jina la shule hiyo hatutalitaja, kwa sababu watoto wanasoma pale mpaka leo, na wao hawana kosa. Zagabe naye alifundisha pale, hesabu.

Tarehe 8 Agosti 1987, Papa alifunga ndoa na Maman yetu Nsimire. Msimamizi wa ndoa yao alikuwa Zagabe. Mungu aliwapa watoto wanne: mimi, Luc, Mélanie na Parfait. Luc alipobatizwa, aliyemshika mbele ya padri alikuwa Zagabe. Sisi tulimwita tonton, yaani mjomba. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa chake, na kama hajafika, hakuna aliyekikalia.

Wengi hapa mlipitia mikono ya Papa, na mnajua alivyofundisha. Somo alilolirudia rudia kuliko yote ni lile la kubadilisha vipimo: kutoka mita kwenda kilomita, na kutoka kilomita kwenda UA, kipimo cha wataalamu wa nyota, yaani umbali wa Dunia na Jua. Ni kilomita karibu milioni mia moja na hamsini. Alisema mtoto hawezi kuipenda namba asiyoweza kusimama juu yake. Basi aliwatoa darasani, akawapeleka uwanjani. Mmoja alifungwa kitenge cha manjano, akawa Jua. Halafu Papa alipiga hatua moja ndefu na kutangaza: "Hii hatua njo UA moja. Kilomita cent cinquante millions ziko chini ya suruali yangu!" Wanafunzi wengine wakawa sayari: Mercure na Vénus walibanana karibu na Jua wakicheka. Dunia ilisimama kwenye hatua moja. Jupita alisimama kwenye hatua tano na kipande kidogo. Neptune, maskini, alipelekwa hatua thelathini, nje ya lango, na mara nyingine alisahaulika huko mpaka kengele ilipolia.

Hata nyumbani hakuacha. Maman akimuuliza, "Papa Delphine, kutoka hapa mpaka Sange ni mbali kiasi gani?", alijibu kwa uso wa mtu mkubwa: "Kwa UA? Sange iko hapa ku meza, pembeni ya chumvi."

Ndugu zangu, sasa ninafika mahali ambapo wengine walitushauri tupite haraka. Walisema siku ya mazishi haifai kufukua mambo. Tulilijadili kama familia kwa siku tatu. Maman ndiye aliyekata shauri. Alisema: "Juu ya kusamehe, Mungu na Papa yenu batajua. Siye, tusidanganye tu ku kaburi yake." Kwa hiyo ninasoma kama ilivyokuwa.

Mwezi wa tano mwaka 2013 kulikuwa na mashindano ya sayansi ya shule za komini yetu ya Bagira. Mshindi angepewa nafasi ya kuendelea na chuo kwa msaada wa wafadhili. Maswali na karatasi ya majibu viliandaliwa na Zagabe. Ijumaa tarehe 17, katika chumba cha walimu, alimwita Papa amtazamie kazi yake. Swali moja lilisema: Jupita iko kilomita milioni 778 kutoka kwenye Jua, hizo ni UA ngapi? Kwenye karatasi ya majibu kulikuwa na 0,52, mkato wa desimali ukiwa mahali pasipo pake.

Papa alitusimulia mwenyewe maneno yaliyopita. Alimwambia: "Zagabe, virgule imeruka. Hapa Jupita imekuwa karibu na Jua kupita siye. Tungekuwa tunaiona mukubwa kama kanisa kila asubuyi."

Zagabe alicheka. "Nimeiona, kaka. Nitaitengeneza mbele ya kesho."

Papa alirudi nyumbani, akala, akalala. Hakumwambia mwanafunzi hata mmoja. Alimwamini mwenzake, na alijua pia kwamba wanafunzi wake hawakuhitaji kuambiwa.

Zagabe hakurekebisha. Labda alisahau, wakati huo tulidhani hivyo. Jumamosi watoto walifanya mtihani. Shule nyingi ziliruka swali hilo, na wachache waliteleza virgule hiyo hiyo, wakaandika 0,52. Watoto watano waliandika 5,2, wote wa darasa la Papa, na hakuna hata mmoja wao aliyeonyesha hesabu pembeni. Karatasi ya majibu ilisema 0,52, basi wakakatwa alama. Charlène, msichana aliyekuwa wa kwanza katika masomo yote mengine, akaanguka mpaka nafasi ya nne.

Papa alikwenda kwenye kamati, bila hasira, kuonyesha kwamba jibu lao lilikuwa na kosa. Alidhani ni jambo la dakika chache: gawanya 778 kwa 150, mambo yamekwisha. Lakini wakubwa wa kamati walikuwa wametangaza mshindi redioni, na aibu ilitafuta mtu wa kumkalia. Mmoja aliuliza: "Kama jibu ni 5,2, bale batoto batano balilijua namna gani bila calcul? Na bote ni ba kwako?"

Papa alieleza habari ya uwanja na hatua. Kisha wakamgeukia Zagabe, mwandishi wa maswali. Kosa la virgule lilikuwa lake, na cheo cha préfet, yaani mkuu wa shule, kilikuwa kinamsubiri mwezi wa saba. Alitazama meza, akasema: "Cyprien aliona maswali Ijumaa."

Hiyo ilikuwa kweli. Papa alisema: "Wewe njo ulinionyesha."

Zagabe akajibu: "Sikukuonyesha. Ulizikuta ku meza yangu wakati natoka."

Papa alituambia kwamba hapo hakusikia tena maneno mengine. Alimtazama mtu aliyesimamia ndoa yake, akingoja aseme anatania.

Charlène alikuwa amekuja na mama yake, wakakaa kwenye benchi nyuma. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alisimama bila kuruhusiwa, akasema: "Bapapa, miye njo nilikuwaka Jupita. Najua fasi yenye nilisimamaka. Hatua tano na kipande. Sikufanya calcul juu nilikuwa pale."

Walimwambia akae.

Tarehe 28 Juni 2013, Papa alifukuzwa kazi kwa kosa la kuvujisha mtihani. Majina ya watoto watano yalifutwa. Kujua jibu sahihi ndiko kulikowahukumu. Mwezi wa saba Zagabe akawa préfet. Jumapili iliyofuata alipita mbele ya nyumba yetu akienda misa, na Parfait, aliyekuwa bado mdogo, alimkimbilia akipiga kelele "Tonton!" Yule mtu aliongeza mwendo. Tangu siku hiyo Parfait alijua kitu ambacho mtoto wa umri wake hakupaswa kukijua.

Bagira ni kubwa, lakini habari ya namna hiyo inaijaza haraka. Sokoni Maman aliulizwa mumewe aliuza maswali kwa bei gani. Katika kwaya walimsogeza mstari wa nyuma. Papa aliandika barua za kukata rufaa, na hakujibiwa. Mwaka 2014 alirudi Luberizi, akafundisha katika shule ndogo kijijini na kulima mpunga wa wazazi wake, akipanda Bukavu kila barabara iliporuhusu. Watoto wa kule nao wakawa Jua na Dunia katika uwanja wa udongo. Lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua. Akimaliza kusema jambo, alikuwa akikutazama kidogo, kama anayepima kama kesho utalikana.

Charlène hakupata ile nafasi. Wazazi wake waliuza kiwanja kidogo, akasoma kwa kuchelewa, na leo anafundisha fizikia Sange. Yuko hapa kati yetu. Mwaka 2019 alimwalika Papa darasani kwake. Papa alipoingia, wanafunzi wote walisimama, na mmoja akauliza kama huyu ndiye mzee wa hatua. Maman anasema aliporudi siku hiyo alikula sahani mbili.

Mwezi wa pili mwaka 2023, tension, yaani presha ya damu, ilimpiga akiwa shambani. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito. Tulimleta Bukavu, akalazwa majuma sita, kisha akarudi nyumbani Bagira. Maman alimlisha, alimwogesha, alimfundisha kutembea upya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mélanie aliacha kazi yake Uvira ili amsaidie. Tunawashukuru waganga na wauguzi, na majirani waliombeba kwa machela wakati gari haikuweza kupanda.

Mwezi wa nane mwaka huu Zagabe alikuja. Alikuwa amestaafu, amekonda. Maman alimfungulia, kwa sababu mlango wetu haukuwahi kufungwa kwa mgeni. Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia. Alisema: "Cyprien, ile siku niliogopa. Unisamehe."

Papa alichukua muda mrefu kupanga maneno, kwa sababu ya ulimi. Kisha alisema, na mimi nilikuwepo: "Ulinikana mbele ya batu. Nenda useme mbele ya batu. Ukitoka pale, tutakula."

Zagabe alimshika mkono ule uliokufa ganzi, akaahidi. Alisema Jumapili ile ile angesimama kanisani baada ya matangazo. Papa aliomba avalishwe koti. Luc na Parfait walimbeba kwenye kiti mpaka parokiani, na akawekwa mbele. Matangazo yalisomwa. Padri alitoa baraka. Watu walitoka. Papa alikaa pale mpaka msafisha kanisa alipoanza kufagia, ndipo akamwambia Luc: "Twende."

Baada ya hapo hakumtaja tena. Nguvu zilipungua, tension ilirudi, na Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Papa alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Maman. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Juzi Zagabe alituma mtu aombe nafasi ya kusema neno hapa kaburini, kama rafiki wa zamani. Maman alijibu: "Anaweza kusema. Lakini aanze na ile ya 2013." Mjumbe alikwenda na jibu hilo. Hatujapata lingine.

Mwalimu Cyprien Cirhuza anaacha mjane, Maman Nsimire, watoto wanne, Delphine, Luc, Mélanie na Parfait, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mmoja, Maman Joviale wa Luberizi, na wanafunzi ambao familia haiwezi kuwahesabu.

Kabla hatujamshusha, familia inatamka mbele ya Mungu na mbele yenu, kwa sauti, kwa kuwa mwingine hakutaka kutamka hivyo: Cyprien Cirhuza hakuvujisha swali. Alifundisha.

Papa, pumzika sasa, wewe uliyenyimwa amani ulipokuwa nasi. Pumzika kwa amani.