Miwani Nyeusi ya Mwalimu Hafidha

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, mashehe, walimu wenzangu, wazazi wa Mapinga na wanafunzi wetu: assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Hafidha, anayestaafu kabla ya wakati wake. Jana aliniambia, "Tabia, mdogo wangu, kesho usiwaseme watu." Dada, nisamehe. Nitawasema.

Mwalimu huyu ameugua utumbo kwa miaka. Tumbo linamsokota, anaharisha damu, anatoka darasani mbio huku amejishika ubavu. Kisha jicho la kulia likaiva kwa wekundu, likauma, likawa halistahimili mwanga. Akaenda zahanati, akapewa dawa ya matone. Akarudi, akapewa ileile. Aliyemtibu tumbo hakumtazama jicho. Aliyemtibu jicho hakuuliza habari za tumbo. Je, mwili wa mtu hugawanywa mafungu kama samaki mnadani?

Na sisi? Alipovaa miwani nyeusi darasani, tulisema nini? Tulisema anavuta bangi! Kamati ikamwita. Nilikuwepo. Mwenyekiti, ulimwambia, "Vua hiyo miwani tukuone." Akavua, machozi yakimchuruzika kwa ule mwanga wa dirishani, akasema, "Naumwa, Mwenyekiti." Kuna waliocheka. Wamo humu.

Mumewe, Bwana Mikdad, ndiye aliyempeleka Dar es Salaam. Daktari bingwa wa macho alimchunguza, akauliza, "Mama, na tumbo lako likoje?" Hafidha akaangua kilio, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Ndipo alipoelezwa kwamba ugonjwa wa utumbo kama wake unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho, na kwamba ukiwahiwa, hutibika. Yeye hakuwahiwa. Jicho la kulia halioni tena. La kushoto limeokolewa, alhamdulillahi, na tumbo limetulia kwa dawa.

Wazazi, hawa watoto wenu wanaosoma bila kukwama, nani aliwafundisha herufi? Ni yeye, akiugulia maumivu, nasi tukimnusa nguo!

Yeyote anayeumwa tumbo la namna hiyo, jicho likiwa jekundu, likauma na kukataa mwanga, asingoje. Aende hospitali siku hiyohiyo, aseme yote mawili, hata asipoulizwa.

Nawashukuru kwa kunivumilia na ukali wangu. Mwenyekiti, Mwalimu Hafidha ameketi hapo mbele yako. Kipaza sauti hiki hapa. Njoo ukichukue.