Mirzaolim Toshmatov na Mkate wa Msumarini

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Uzgen, mimi Qobil, mdogo wa marehemu, niliyeendesha malori kati ya Kashgar na Orenburg kwa miaka mingi nikarudi na kitambi tu, nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu ndugu wote wenye sauti nzuri wanalia.

Kaka yetu Mirzaolim alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Uzgen, kifungua mimba wa mzee Toshmat, mkulima wa mpunga, akasoma shule ya mtaani hadi mwaka 1975, kisha akaitwa jeshini huko Chita, ambako walimpa mwiko badala ya bunduki, na nadhani nchi ilikuwa salama zaidi kwa uamuzi huo.

Aliporudi alipika katika mkahawa wa serikali kando ya barabara ya mpakani, na mwaka 1992 akaununua, akawalisha madereva wa kila lugha pilau ya mchele wetu mwekundu, mchele wa mashamba yenu. Alimwoa Bi Hidoyat tarehe 9 Oktoba 1981, wakajaliwa mabinti watatu, na dada yetu alipofariki mwaka 1990 wakamchukua mwanawe Ulmas, wakamlea kama wa kumzaa.

Ulmas alisoma, akawa ofisa wa mradi wa barabara mpya ya mizigo, na mwezi Mei 2018 aliwakusanya majirani mkahawani, akawaambia watoe mashamba, kwani barabara itakuwa na njia ya kutokea hapa mtaani, malori yatashuka, na mchele utanunuliwa mlangoni. Mama Tojixon akauliza, "Hiyo njia imeandikwa wapi, mwanangu?" na kaka akadakia, "Tojixon, kijana kauma mkate wangu, unataka na muhuri?" maana asubuhi ile, kama afanyavyo kila msafiri kwetu, Ulmas alikuwa ameuma mkate wa safari, na uliobaki ukatundikwa msumarini umngoje arudi aumalize, na kwa kaka hapakuwa na mkataba mzito kuliko huo. Mashamba yakatolewa, kwa neno la kaka, si la Ulmas.

Barabara ilifunguliwa Septemba 2021, iko juu ya tuta, ina uzio pande zote mbili, na makontena yenye lakiri yanapita juu ya vichwa vyetu toka mpaka hadi mpaka, sisi tunabaki na vumbi. Njia ya kutokea ipo, mbali kule juu, penye kituo kipya cha mapumziko cha Ulmas mwenyewe, nimekunywa chai yake, mbaya kama ya kwangu. Hakurudi hata siku ya ufunguzi. Mkahawa ulifungwa, majirani wakawa wanapita mlangoni kwa kaka wakitazama upande wa pili, na mimi mropokaji sikuwa na mzaha hata mmoja wa kumpa.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023. Mwezi Januari alimpigia Ulmas simu nikiwepo, hakumdai chochote, alimwambia tu kwamba mkate wake bado upo, na Ulmas akacheka, "Mjomba bwana! Si uwape kuku?" Kaka akakata simu, akautungua ule mkate uliokwisha kuwa tofali, akauloweka kwenye chai, akaula wote kwa meno aliyobakiwa nayo, akaniambia, "Qobil, sasa simngoji." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Osh, madereva wa zamani waliopiga simu toka ng'ambo, na ninyi majirani mliochimba kaburi kwenye udongo ulioganda, hata wewe, Mama Tojixon, uliyetangulia kuleta kuni.

Punde imamu atauliza, kama ilivyo desturi, huyu alikuwa mtu wa namna gani, na waliohudhuria hujibu kwamba alikuwa mtu mwema. Kaka aliliogopa swali hilo kuliko kifo, na aliniomba nisiwasemee, basi mliopoteza mashamba semeni mlionalo moyoni, na mkinyamaza, familia haitawalaumu. Ulmas, nakuona hapo langoni na koti lako, wewe peke yako ndiye ninayekuomba usijibu.

Lala, kaka Mirzaolim, katika kipande hiki cha ardhi ambacho hakuna atakayekuomba tena.