Kanda Mbili za Mwalimu Eliakimu

Agatha mwanangu, sogea hapa kitandani, umlete na Gasper, mpakate, akilia mwache alie, mama mdogo Scholastika anarekodi kwa simu na kilio kikiingia humo si kitu, siku moja atajisikia alivyokuwa. Nisikilizeni wanangu. Gari la wagonjwa linakuja kunichukua mchana huu, naenda Dar es Salaam kupasuliwa moyo, na naogopa, sitawadanganya, kwa hiyo nasema yote sasa hivi kabla pumzi haijanikatika.

Mikorosho ya marehemu mama yangu kule Lupaso ni yenu wawili, msiigawane, vuneni pamoja. Cherehani ni ya Agatha. Nguo zangu mama mdogo atajua la kufanya. Hayo yamekwisha. Kubwa ni zile kanda mbili kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Hizo si zenu, ni za babu yenu Eliakimu, alizitupa mwenyewe kwa sababu yangu, nikaziokota jalalani, na ninyi ndio mtakaomrudishia.

Babu yenu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani Lupaso. Padre mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia kanda ya simfoni ya Mjerumani wa zamani, muziki mtupu wa fidla na matarumbeta, haina mtu anayeimba, sehemu nne, na babu yenu akaipenda mpaka akaiandika kwa do-re-mi, akaifundisha kwaya waiimbe wamefumba midomo. Rafiki yake mkubwa, Mwalimu Edmund wa Mnyambe, kule Newala, akaiazima ile kanda. Akakaa nayo, akaugua, akafa. Baada ya arobaini mjane wake akaja na kanda mbili, ile ya Padre na nyingine isiyo na maandishi, akasema, "Mwalimu, nimezikuta kwenye redio zake mbili. Chukua, mali yako."

Hiyo ya pili ilikuwa simfoni ileile, ila nzito, ya taratibu, sauti zimeshuka chini. Babu yenu akasema hii wamepiga watu wengine. "Sikia, Sabina," akaniambia, "hawa wamefiwa." Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada tunalinganisha, sehemu ya pili ya hii, sehemu ya pili ya ile, kwaya nzima mkekani uani kwetu. Kasiani wa besi anawatetea wa haraka, "Hawa ndio watu wazima, wanawahi ugali!" Babu yenu anawatetea wa taratibu, machozi yanamtoka wala hajifichi, na watu walimheshimu kwa machozi yale.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, najiona najua. Karibu na mwisho wa sehemu ya pili, fidla zikinyamaza, kuna mtu ukumbini anakohoa mara mbili. Kwenye kanda ya Padre anakohoa kama kijana. Kwenye ile nyingine anakohoa palepale, mara mbili zilezile, ila kama mzee. Nikaelewa. Mwalimu Edmund alinakili kanda ya Padre wakati redio iliyokuwa ikiipiga inaishiwa betri, kanda inazunguka polepole, basi, hakuna lingine. Ningemwambia baba tukiwa wawili jikoni. Mimi nikasimama mbele ya kwaya, nikawasikilizisha kikohozi cha kwanza, nikawasikilizisha cha pili, nikasema, "Baba, huyu ni mtu mmoja. Hakuna waliofiwa. Ni betri."

Kasiani akaanguka kwa kicheko. "Mwalimu! Kumbe miaka yote hii tunaililia betri!"

Jina likamganda, Mwalimu Betri, hata watoto wa shule wakamwita hivyo. Akaacha kwaya. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia neno moja tu, "Umefaulu," na tangu siku hiyo kati yetu ikabaki shikamoo na marahaba.

Wanangu, tangu nimzae Gasper moyo wangu hausukumi damu sawasawa, nalala nimeketi, na mkiwa mmetoka nimekuwa nazisikiliza zote mbili kwenye redio ya jirani yetu Siti. Ya Padre siiwezi, inanikimbiza, inaniacha njiani. Ile nzito inaningoja. Na humo namwona Mwalimu Edmund, mgonjwa kama mimi, hana nguvu za kwenda dukani kutafuta betri, anausikia muziki unazama na hataki kuuzima. Huo ndio mwendo wake wa mwisho hapa duniani, na baba aliutambua bila kuambiwa. Kuhusu kikohozi nilikuwa sahihi. Kuhusu muziki nilikosea.

Ningemwambia mwenyewe. Lakini babu yenu sasa hasikii, masikio yote mawili yamekufa, simu haimfai, na mimi pikipiki mpaka Lupaso siiwezi. Nilimtuma Charles wa bodaboda na barua. Ameirudisha haijafunguliwa.

Kwa hiyo nendeni ninyi. Gari langu likiondoka, Charles atawapeleka leo hiihii. Agatha, piga magoti, mwamkie, atauona mdomo wako. Mpe kanda zake. Kisha umshike mkono. Zamani alitufundisha mwendo wa wimbo kwa kutugonga kidole katikati ya kiganja. Nawe mgongee. Lete mkono, nikuonyeshe. Moja... mbili... tatu... Umeiona hiyo nafasi katikati? Hapana, unawahi, mama. Ingoje. Tena. Moja... Eeh. Hivyo. Atajua ni kanda ipi. Atajua nani kawatuma.

Akivuta mkono wake, msimlazimishe. Asipouvuta, na mimi nisiporudi, kaeni kwake.

Mungu awafunike wanangu. Mlale mmeshiba... mzeeke pamoja... asiwepo wa kuwacheka mkilia. Gasper, niangalie baba. Niangalie kidogo. Scholastika, zima... hapana, acha kwanza. Nawa... nawapenda. Hilo gari, nalisikia. Waambie wangoje. Agatha, usiuachie mkono wangu bado. Gonga.